Kinachoitwa cha Wakurya Peke Yao: Safari ya Busawe

Anayekwenda Busawe hutanguliwa na sifa za wenyeji wake. Kuanzia Sirari mpakani, kupitia Tarime mjini, hadi kuvuka Mto Mara na kuingia Wilaya ya Serengeti, stendi za michomoko, yaani magari madogo ya abiria, na vijiwe vya bodaboda vina orodha ya mambo yanayosemekana hayapatikani popote isipokuwa huku. Watu wa huku hula kichuri. Huitana "mura", yaani kijana, na kusema kwa sauti ya juu, bila kuzungusha maneno. Mwanamke anaweza kutoa ng'ombe akamwoa mwanamke mwenzake. Wazee hupangwa kwa rika zenye majina ya kale, na hasira za wanaume hazikawii kuwaka. Orodha hiyo ndiyo iliyonifanya nisafiri kwa kutazama na kupima. Nilitaka kujua kama mazoea ya kila siku yanaweza kuwa mali ya watu fulani peke yao kiasi cha kuwatambulisha. Jibu nililolifikia, na ambalo nitalitetea hapa, ni kwamba karibu kila kinachotajwa kuwa cha Wakurya peke yao kina ndugu zake mbali na hapa, na kwamba upekee wa mahali kama Busawe umo katika namna watu walivyoyaunganisha mazoea hayo ili waweze kuishi kwenye ardhi yao. Tofauti hiyo ni kubwa, kwa sababu inabadilisha namna tunavyowasema watu na namna wao wenyewe wanavyoweza kujibadilisha.

Tuanze na swali la nani anayezungumziwa. Busawe ipo katika ukanda wa Wangoreme, watu ambao wengine huwahesabu kuwa tawi la Wakurya na wengine huwahesabu kuwa kabila kamili, jirani wa Waikoma, Wanatta na Waisenye. Lugha zao zinakaribiana, ndoa zimewachanganya kwa vizazi, na Mto Mara unaotoka milima ya Mau nchini Kenya hadi Ziwa Victoria haujawahi kuwazuia kuvukiana. Kaskazini zaidi upo mpaka uliochorwa kwa rula. Mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani zilikubaliana kugawana eneo hili kwa mstari ulioanzia mdomo wa Mto Umba, ukazunguka Kilimanjaro, ukaja moja kwa moja hadi ukingo wa ziwa. Mstari huo uliwakata Wakurya katikati. Sensa ya Kenya ya mwaka 2019 ilihesabu Wakuria zaidi ya 300,000, lakini Tanzania haijauliza kabila katika sensa yoyote tangu ile ya mwaka 1967. Kwa hiyo hata kabla ya kufika kwenye chakula na ngoma, anayesema "tabia ya Wakurya" anazungumzia kundi lisilo na ukingo ulio wazi. Huwezi kuthibitisha kwamba jambo ni la watu fulani tu ikiwa hujui watu hao wanaishia wapi, na huku wanaishia polepole, kijiji hadi kijiji, mpaka msafiri ajikute kwa Wazanaki, kwa Wajaluo au kwa Wakisii bila kuona lango.

Chakula ndicho ushahidi unaotajwa kwanza, na kichuri ndicho kinachotajwa kwa msisitizo kuliko vyote. Mbuzi au ng'ombe akichinjwa, majimaji ya majani ambayo hayajamaliza kusagwa tumboni hukamuliwa, huchujwa, kisha huchemshwa pamoja na utumbo au nyama, mara nyingine kwa kuongezwa nyongo kidogo. Uchungu wake ndio utamu wake. Mgeni asiyekizoea hudhani hakuna watu wengine duniani waliofikiria kula hivyo. Lakini Wailokano wa kaskazini mwa kisiwa cha Luzon, Ufilipino, wana mchuzi wao uitwao pinapaitan, unaopikwa kwa matumbo ya mbuzi na kutiwa uchungu kwa nyongo. Hakuna Mkurya aliyekwenda Luzon kuwafundisha, wala Mwilokano aliyefika Tarime. Kinachowafananisha ni mazingira: watu wanaofuga, wasiochinja kila siku, na ambao siku wakichinja hawaoni sababu ya kutupa sehemu yoyote ya mnyama. Zoea lililozuka mara mbili katika pembe mbili za dunia kwa sababu moja haliwezi kuwa alama ya damu ya watu wa upande mmoja. Ni hesabu ya jikoni iliyofanywa vizuri pande zote mbili.

Ugali unaoliwa na kichuri hicho unatoa ushahidi mwingine. Wenyeji husifu ugali wa mtama, wa ulezi na wa udaga kuwa ndio chakula cha kwao hasa, chenye kushibisha, kinachomtofautisha mtu wa Mara na mtu wa wali. Mtama na ulezi kweli ni nafaka za kale za Afrika. Udaga, hata hivyo, hutokana na muhogo, na muhogo ulitoka Amerika ya Kusini ukaletwa Afrika na Wareno. Katika Kanda ya Ziwa ulihimizwa na serikali ya kikoloni kama akiba ya njaa, kwa kuwa hukaa ardhini muda mrefu na hauangushwi kirahisi na ukame. Leo mtu anayeona muhogo uliovundikwa na kuanikwa juani haoni kitu kigeni, na yuko sahihi. Kitu hakihitaji kuzaliwa hapa ili kiwe cha hapa. Kinahitaji kupewa kazi hapa, kizoeleke, kijengewe ustadi wa kukitengeneza na kukihifadhi. Huko ndiko kumiliki kwa kweli, na hakumnyimi jirani haki ya kumiliki kitu kile kile.

Muziki na rika vinaonyesha jambo hilo kwa undani zaidi, kwa sababu huku ndiko fahari ilipo. Ritungu, ala ya nyuzi nane yenye mlio mzito, ndiyo sauti ambayo Watanzania wengi huitambua kuwa ya Mara, pamoja na ngoma inayochezwa na wanaume waliosimama juu ya viatu vizito vya mbao. Lakini Wajaluo wana nyatiti ya nyuzi nane, Wakisii wana obokano ya nyuzi nane, na ukoo wa ala hizo unapanda hadi krar na begena za Ethiopia na ala za Nubia. Majina ya rika nayo yana ndugu. Wakurya waligawa vizazi vyao katika mikondo miwili, na humo mna Abasai, Abachuma, Abamaina na Abanyangi. Wakalenjin wa Kenya wana Sawe, Chumo, Maina na Nyongi. Mfanano wa majina manne katika mfumo mmoja hauwezi kuelezwa kwa bahati. Unaonyesha kwamba mababu wa watu wanaosema lugha ya Kibantu na mababu wa watu wanaosema lugha ya Kinailoti waliishi karibu, wakatazamana, na mfumo ukahama kutoka kwa Wanailoti kwenda kwa Wabantu. Jambo ambalo mzee angelitaja kama kiini cha Ukurya ndilo hasa linaloonyesha jinsi Wakurya walivyokuwa wazi kwa majirani zao.

Kwa nini mfumo wa kuazima ushikiliwe kwa nguvu hivyo? Historia ya ukanda huu inajibu. Mwanahistoria Jan Bender Shetler, aliyekusanya simulizi za wazee wa magharibi mwa Serengeti na kuzitumia katika kitabu chake Imagining Serengeti cha mwaka 2007, anaeleza jinsi karne ya 19 ilivyowavunja watu wa huku kwa njaa, magonjwa na mashambulizi ya Wamasai. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 sotoka iliua ng'ombe kote Afrika Mashariki, na ndui ikaua watu. Familia zilitawanyika, koo zikapoteza maeneo yao. Katika hali hiyo, kumtambua mtu kwa ukoo peke yake hakukutosha, kwa sababu ukoo wako ungeweza kuwa siku tatu mbali. Rika iliwapa vijana wa koo tofauti sababu ya kulindana, kulima pamoja na kukaa pamoja. Kilichofanywa na Waikoma, Wanatta, Waisenye na Wangoreme katika miongo ile kilikuwa kuchukua chombo kilichojulikana na majirani na kukipa kazi ya kuokoa jamii. Hapa ndipo ninapouona upekee ninaoutetea: wazo lilikuwa la wengi, na jibu lilikuwa la watu wa hapa, kwa shida ya hapa.

Zoea linalowashangaza wageni kuliko yote ni nyumba ntobhu. Mwanamke mtu mzima asiye na mtoto wa kiume hutoa mahari ya ng'ombe kumwoa mwanamke kijana, na watoto atakaowazaa huyo kijana huhesabiwa kuwa wa nyumba ya mama mkubwa, wakarithi mji wake na jina lake. Magazeti huandika habari hii kama ajabu ya Tarime. Lakini Wanandi wa Kenya wana ndoa ya namna hiyo, iliyochunguzwa na mwanaanthropolojia Regine Smith Oboler katika makala ya mwaka 1980. Wakamba wanayo, Waigbo wa Nigeria wamekuwa nayo, na Walovedu wa Afrika Kusini pia. Nyingi kati ya ndoa hizo hukutana mahali pamoja: mali hupita kwa watoto wa kiume, mahari ndiyo inayoamua mtoto ni wa nyumba ipi, na mwanamke asiye na mwana anakabiliwa na hatari ya kupokonywa kila alichokijenga na shemeji zake. Ukiweka masharti hayo matatu pamoja, ndoa ya mwanamke kwa mwanamke haibaki kuwa kioja. Ni njia ambayo mwanamke aliipata ndani ya sheria ya wanaume ili asifukuzwe kwenye mji wake. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inaitambua ndoa kuwa ya mwanamume na mwanamke, hivyo nyumba ntobhu haina ulinzi mahakamani, na binti anayeolewa akiwa mdogo au bila hiari yake anaweza kuumizwa nayo. Lakini anayetaka kuimaliza kwa kuicheka hataimaliza. Ataimaliza anayempa mjane haki ya kurithi.

Hata namna ya kuomboleza haikosi ndugu wa mbali. Huku msiba ni wa kijiji. Majirani hulala msibani, wanaume hukaa nje wakiota moto, chakula hupikwa na wengine ili wafiwa wasishike sufuria, na marehemu huzikwa nyumbani kwake. Waayalandi, ambao nao husifiwa na kujisifu kwa mazoea yanayodhaniwa kuwa yao tu, wana mkesha wao wa maiti: marehemu hulazwa nyumbani, mlango huachwa wazi, majirani huja usiku kucha kunywa chai, kula, kusali na kusimulia maisha yake. Mtu wa Busawe akifikishwa kwenye nyumba ya namna hiyo asingehitaji kuelezwa kinachoendelea. Angejua kwamba ni lazima afike, akae, asiwe na haraka ya kuaga. Watu wawili walio mbali hivyo, mmoja wa nchi ya mvua ya baridi na mwingine wa nchi ya mtama na ng'ombe, wamefikia uamuzi mmoja kwamba mfiwa asiachwe peke yake. Kila upande ukidai kwamba huruma hiyo ni yake tu, pande zote mbili zinapoteza nafasi ya kutambuana.

Lipo pingamizi zito, nalo linahusu sifa ya ukali. Wapo watakaosema kwamba chakula na ngoma vinaweza kufanana na vya wengine, lakini wizi wa mifugo na mapigano ya koo za Tarime ni ukweli ulioandikwa, na ndiyo maana ikaundwa kanda maalumu ya polisi ya Tarime na Rorya. Ukweli huo siukatai. Ninachokataa ni maelezo yanayotolewa, kwamba ni hasira ya kuzaliwa nayo. Michael Fleisher, katika utafiti aliouchapisha mwaka 2000 kuhusu wizi wa ng'ombe kwa Wakurya, anaonyesha kwamba uvamizi wa zamani wa vijana kutafuta mahari uligeuka biashara. Ng'ombe walioibwa walivushwa mpaka kuuzwa Kenya, ambako bei ilikuwa nzuri. Wakurya wengi walikuwa wameingia jeshini, na baada ya vita vya mwaka 1978 na 1979 dhidi ya Idi Amin bunduki zikapatikana vijijini. Koo ziliibiana zenyewe kwa zenyewe, jambo linaloonyesha kwamba hapakuwa na "tabia ya Wakurya" dhidi ya wengine, bali soko, mpaka na silaha vilivyokutana mahali penye ng'ombe wengi. Ondoa tofauti ya bei na bunduki, na sehemu kubwa ya hiyo inayoitwa hasira haina pa kusimama. Hata sungusungu, jibu la wanavijiji kwa wizi huo, lilianzia kwa Wasukuma na Wanyamwezi mwanzoni mwa miaka ya 1980, likaja huku na kukaa juu ya desturi ya zamani ya mkutano wa hadhara, iritongo. Amani nayo iliazimwa na kurekebishwa.

Pingamizi la pili linatoka kwa wenyeji wenyewe, nalo lina uchungu wa haki. Kama kichuri kina mwenzake Ufilipino, ritungu lina mwenzake Kisii, na rika zimetoka kwa Wakalenjin, je, hatubakizwi na kitu? Huku si kuwafuta watu? Naamini ni kinyume chake. Kinachowafuta watu ni kuwafunga kwenye orodha ya mazoea, kwa sababu orodha hubadilika na watu hubaki. Mwalimu Nyerere, aliyezaliwa Butiama mwaka 1922 kati ya Wazanaki, majirani wa karibu wa Wangoreme, alichongwa meno kwa desturi ya wakati ule. Vijana wa Butiama leo hawachongi meno, na hakuna anayewaambia kwamba si Wazanaki. Wazee wa Kikurya walitoboa na kuvuta ndewe za masikio, kama Wamasai na Wakalenjin walivyofanya. Wajukuu wao wameacha, nao ni Wakurya vile vile. Kama utambulisho ungekaa kwenye meno na masikio, ungekuwa umekwisha katika vizazi viwili. Umebaki kwa sababu unakaa kwenye uhusiano: nani anaweza kukuita uje kuzika, nani ana haki ya kukukemea, nani atasimama nawe mahari ikijadiliwa, ardhi ya nani haiuzwi bila wewe kuulizwa. Hayo ndiyo yaliyo ya Busawe, na hakuna wa kuyadai Luzon wala Dublin.

Pingamizi la tatu ni la dhamiri. Mtu anaweza kuniambia kwamba nikieleza kila zoea kwa sababu zake nitajikuta nimetetea hata yanayoumiza, na ukeketaji ndio wa kwanza kutajwa. Utafiti wa afya wa kitaifa wa mwaka 2015 na 2016 ulikuta asilimia 32 ya wanawake wa Mara wamekeketwa, wakati wastani wa taifa ulikuwa asilimia 10. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 inaharamisha kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18, na bado msimu wa ukeketaji wa Desemba unapokaribia wasichana hukimbilia nyumba salama, ikiwamo iliyopo Mugumu, Wilaya ya Serengeti. Kueleza chanzo cha jambo si kulibariki. Kwa kweli hoja yangu inawapa nguvu wanaolipinga. Ngao kubwa ya ukeketaji ni kauli kwamba ndiyo alama yetu, na anayeuacha ameacha watu wake. Lakini katika utafiti ule ule Manyara, Dodoma na Arusha zilikuwa na viwango vya juu kuliko Mara. Jambo linalofanywa na Wagogo, Wanyaturu, Wamasai na wengine wengi haliwezi kuwa alama ya Ukurya. Likiacha kuwa alama linabaki kuwa jeraha, na jeraha halina haki ya kurithishwa. Msichana anayekataa kukatwa hajaisaliti jamii yake. Anafanya kile ambacho jamii hiyo imefanya mara nyingi kabla yake, kuchagua kipi cha kuendelea nacho na kipi cha kuacha.

Safari ya Busawe, basi, inanipeleka kwenye msimamo ambao ningependa tuuchukue tunaposafiri na tunapoandika. Tukikutana na zoea geni, swali la kuuliza si "watu gani hawa?", kwa maana swali hilo lina jibu lililokwisha kuandaliwa na hukumu ndani yake. Swali ni "zoea hili lilitatua shida gani, nani alilileta, na shida hiyo bado ipo?" Likijibiwa, kichuri kinaheshimiwa kama ustadi wa kutotupa neema. Rika zinaheshimiwa kama kazi ya watu waliokataa kutawanyika. Nyumba ntobhu inasomwa kama malalamiko ya mjane dhidi ya sheria ya urithi, wizi wa ng'ombe kama tatizo la soko na silaha, na ukeketaji kama mzigo uliopitwa na wakati wake. Vijana wa ukanda huu wanaokwenda kusoma na kufanya kazi Mwanza, Dodoma na Dar es Salaam hukutana na orodha ya sifa zao kabla ya kukutana na watu, na wengi huona njia mbili tu: kuificha asili yao au kuuigiza ukali unaotarajiwa kwao. Wanastahili njia ya tatu, ambayo historia yao wenyewe imekwisha kuifungua. Wanatoka kwa watu walioazima vizuri, wakatengeneza vizuri, na wakaacha kilichopaswa kuachwa. Mtu mwenye asili hiyo hana sababu ya kuona haya mbele ya yeyote, na hana sababu ya kudai kwamba hakuna wengine kama yeye.